Kola ya Cheche

Kola ile ilikatwa kwa mkasi wa karatasi, na hilo ndilo lililomchoma fundi kuliko yote. Mtu akishaamua kuharibu kazi ya siku nne, si angalau achukue mkasi wa kitambaa, ule mzito wenye mpini mweusi, unaoning'inia msumarini hatua mbili tu kutoka pale? Lakini wapi! Binti yake alichukua kimkasi cha shule, kile cha kukatia picha za kubandika daftarini, akaizunguka shingo nzima ya gauni kwa kutafunatafuna kitambaa, nyuzi zikabaki zinaning'inia kila upande. Kisha akaliweka gauni juu ya cherehani na kola yenyewe pembeni, imekunjwa vizuri, vifungo vyake tisa vya kung'aa vikitazama juu.

Mtaani walimwita Fundi Kola, na jina hilo hakupewa kwa huruma. Wanaume wa maofisini walipita mafundi wanne njiani kumfuata yeye, kwa sababu kola yake ilisimama hata shati lenyewe likishachakaa mabegani. Kipaji chake kingine kilikuwa kunakili. Ulimwonyesha picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kidogo, akakurudishia simu yako. “Njoo Alhamisi.” Alhamisi ukalikuta gauni la kwenye picha linakusubiri, mpaka mikunjo yake. Na mteja aliyethubutu kusema labda kola ya kwenye picha ilikuwa pana kidogo, alitazamwa kuanzia utosini hadi kwenye viatu mpaka akakumbuka mwenyewe kwamba hapana, ilikuwa vivyo hivyo.

Sasa mtu mwenye sifa hiyo alikuwa amesimama Jumapili asubuhi sebuleni kwake, ameshika gauni jekundu lisilo na kola.

“We mtoto!” aliita. “Njoo hapa. Njoo sasa hivi kabla sijakufuata huko uliko!”

Binti alitoka chumbani bila haraka. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kumzidi mama yake kwa vidole viwili, na blauzi yake ilikuwa imefungwa vifungo mpaka chini ya kidevu, kama nguo zake zote.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi.”

“Wewe! Unajua nimekaa siku ngapi na hii kola? Unajua nimezunguka maduka mangapi kutafuta hivi vifungo?”

“Nilikuuliza jana inavuliwaje, Mama. Ukasema haivuliwi.”

“Haivuliwi ndiyo! Imeshonewa kwenye gauni! Vifungo ni urembo tu. Nani alikwambia inavuliwa?”

“Cheche anaivua.”

“Anaivua wapi? Si tumeangalia pamoja hapa hapa, vipindi vinane, mimi na wewe kwenye kochi hili? Anaivaa akilala, anaivaa akiamka, anaivaa akipigana juu ya paa!”

“Kwenye kitabu anaivua.”

“Kitabu, kitabu! Kila siku kitabu!”

Cheche, kwa asiyemjua, ni msichana wa kwenye Walinzi wa Tanuri, riwaya ya vijana iliyojaa mambo ya ajabu: mji uliozingirwa na barafu, tanuri moja kubwa katikati linalowapa watu uhai, na msichana mmoja anayesikilizana na moto. Binti alikuwa ameisoma mpaka kurasa zikalegea. Mama yeye aliijua baada ya kufanywa tamthilia, na tamthilia ile ilimteka vibaya. Hakujali sana moto wala barafu. Alichokipenda ni kola ya Cheche, nyekundu, ndefu, imesimama mpaka masikioni. Kila ilipotokea alisimamisha picha, akasogea mpaka karibu apigane busu na runinga, akahesabu vifungo. Na kila aliposimamisha, binti yake alisema kutoka nyuma, “Siyo hivyo. Kwenye kitabu siyo hivyo,” mpaka siku moja mama akamwambia kama hataki kuangalia aende akaoshe vyombo.

Kisha shule ikaamua kuigiza hadithi hiyo mbele ya wazazi, Ijumaa saa nane mchana, na aliyechaguliwa kuwa Cheche ni binti. Hakupendelewa. Alikuwa anajua maneno ya Cheche na ya watu wengine wote, mpaka ya mlinda mlango. Mama aliposikia alicheka peke yake jikoni, akakata kitambaa siku hiyo hiyo. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe: mhusika mkuu anavaa kola ndefu, na binti yake anahitaji kola ndefu.

Kwa sababu binti alikuwa na kovu. Lilianzia chini ya sikio la kushoto, likashuka shingoni kwa upana wa kiganja, likaishia kwenye mfupa wa mtulinga, ngozi ikiwa imevutika na kung'aa. Tangu akiwa na miaka mitatu hakuwahi kuvaa nguo isiyo na kola. Zote alishonewa na mama yake, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusema kola hizo zilikuwa za kazi gani.

“Kule jukwaani kutawekwa taa za kumulika,” mama alisema, na sauti sasa ilikuwa imeshafika kwa jirani. “Watakuja wazazi mia tatu. Unataka watu wote wakuone hivyo?”

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Hivyo. Alilisikia likitua sebuleni, na kama angekuwa mtu wa kurudi nyuma angeliokota pale pale. Lakini hasira zilikuwa zimempanda, na Fundi Kola akishapandwa na hasira hajui njia ya kushukia.

Binti hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na begi la shule begani na kitabu mkononi, akakiweka kitabu juu ya gauni.

“Sura ya saba,” alisema. “Mimi nitakuwa kwa mama mdogo.”

Akaufunga mlango taratibu kabisa, jambo lililomuudhi mama yake kuliko kama angeubamiza.

Dakika kumi baadaye fundi alimpigia simu mwalimu wa maigizo. Akamwambia binti yake hachezi tena, atafute mwingine, gauni litafika Jumatano likiwa na kola yake. Mwalimu akauliza kuna nini. “Hakuna kitu,” alijibu, akakata simu. Akakaa kwenye kochi akisonya mpaka mdomo ukachoka.

Jumatatu alikwenda kazini na gauni, kola na kitabu, vyote ndani ya mfuko mmoja. Chumba cha kazi alikichangia na fundi mwingine, mtu mzima aliyeshona suruali na kupunguza urefu wa nguo za watu, ambaye kwa kazi hiyo aliitwa Mzee Pindo. Vyerehani vyao vilitazamana, katikati meza ya kukatia, na juu ya meza pasi ya umeme. Mzee Pindo hakuwa na busara yoyote ya uzee. Alikuwa na umbea tu, na miwani iliyofungwa kwa uzi wa khaki.

“Leo unasoma kitabu?” alishangaa. “Umefiwa?”

“Natafuta makosa,” alisema fundi.

Na kweli ndiyo ilikuwa nia yake: akipate kitabu kikisema Cheche ana kola, akibebe mpaka kwa mdogo wake, akiweke mbele ya huyo binti mjuaji na kidole juu ya mstari. Angeweza kuruka moja kwa moja mpaka sura ya saba, lakini hakuna nguo inayoanzia kwenye vifungo. Akaanza ukurasa wa kwanza, kidole chenye vumbi la chaki kikifuata maneno. Hakuwa amesoma kitabu kizima tangu aache shule.

Kufikia ukurasa wa kumi alikuwa ameshafura.

“Kitabu hiki kimekosewa!” alitangaza. “Cheche ni mtoto wa jumba la kifalme. Hapa eti anazoa majivu jikoni!”

“Kipi kilitangulia,” aliuliza Mzee Pindo bila kuinua macho kwenye suruali, “kitabu au tamthilia?”

“Kitabu.”

“Basi. Mteja akikuletea suruali uinakili, wewe ukaishona na miguu mitatu, utailaumu suruali yake?”

Kama kulikuwa na kitu duniani alichokijua fundi ni kunakili, na kwake yeye nakala mbovu ilikuwa wizi mtupu. Akaendelea kusoma, na hasira yake ikahama taratibu, ikatoka kwenye kitabu ikawaendea watu wa tamthilia. Wale vijana wawili watanashati waliogombania penzi la Cheche vipindi vyote vinane hawakuwemo kabisa. Bibi yake Cheche, aliyemlea tangu mchanga, alikuwa karibu kila ukurasa, na kwenye tamthilia hakuonekana hata kisigino.

“Bibi mzima wamemtupa!” aling'aka, na mteja aliyekuwa anaingia kuchukua suruali yake akarudi hatua moja nyuma. Mzee Pindo akamnong'oneza mteja kwamba ni mambo ya familia.

Mchana, wakati Mzee Pindo amekwenda kula, alifika sura ya tatu. Hapo palikuwa na sentensi ambayo aliisoma, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Moto wa tanuri ulimramba Cheche akiwa bado anatambaa, kuanzia chini ya sikio mpaka kwenye mtulinga, na tangu siku hiyo moto ukawa unamfahamu.

Akakishusha kitabu mapajani. Alimkumbuka yule mwigizaji wa Cheche kwenye mahojiano ya runinga, mabega wazi, shingo laini kama sabuni mpya. Hakuna aliyejisumbua kumchorea hata kovu la rangi. Walichukua msichana aliyeungua, wakamfuta kovu, wakabakiza kola kwa sababu kola inapendeza.

“Kovu lake wamelipeleka wapi?” aliuliza kwa sauti.

“Kovu la nani?” Mzee Pindo alikuwa mlangoni anarudi, meno yakiwa na kijiti.

Fundi alikuwa anaona kochi lake la nyumbani. Binti yake alikaa pale wiki nane akimtazama mtu pekee aliyefanana naye katika vitabu vyote alivyowahi kusoma, amesafishwa na kupambwa mpaka hajulikani, na mama mtu yuko mbele anahesabu vifungo. Mtoto akasema siyo hivyo. Akaambiwa akaoshe vyombo. Fundi alitamani kumpata mtu wa kumpigia kelele, lakini kila aliyemfikiria alirudi kuwa yeye mwenyewe, na hilo likamkasirisha zaidi.

Jumanne hakugusa cherehani mpaka alipomaliza sura ya saba. Wateja wawili walikuja, wakamtazama usoni, wakasema watapita kesho.

Mji wa barafu ulikuwa na sheria. Yeyote aliyewahi kuunguzwa na tanuri alitakiwa kufunika alama yake, kwa kola, kwa glavu, kwa kitambaa cha uso, ili wengine wasiogope. Na sheria ilitaka kifuniko hicho kishonwe na watu wa nyumbani kwake mwenyewe. Bibi yake Cheche alishona kola nyekundu yenye vifungo tisa, kwa kitambaa kizuri kuliko uwezo wake. Miaka ikapita, tanuri likaanza kuzimika. Wakubwa wa mji wakapeleka mbele yake watu wasio na alama, mmoja baada ya mwingine, na moto haukumjua hata mmoja wao. Ndipo Cheche akapita katikati ya umati, akafungua vifungo kimoja kimoja, akaivua kola, akaikunja vizuri, akaiweka mikononi mwa bibi yake. Bibi akauliza, mwanangu, nimekukosea nini, mbona nilikushonea kwa mapenzi yangu yote?

“Najua, Bibi,” alijibu Cheche. “Ndiyo maana nilichelewa kuivua.”

Maneno hayo yalikuwa yamepigiwa mstari wa penseli, tena kwa rula. Kitabu kilikuwa cha maktaba ya shule, na binti yake hakuwa mtoto wa kuchorachora vitabu. Fundi alifunua nyuma, kwenye kadi ya kuazimia. Kilikuwa kimeazimwa mara sita, na mara zote sita saini ilikuwa ile ile, ndogo, ya binti yake.

Imekunjwa vizuri. Fundi aliitoa kola mfukoni, ile aliyoikuta Jumapili pembeni ya gauni, akaiweka juu ya meza. Alikuwa amedhani mtoto kaikunja kwa kejeli. Akautazama ule mkato wa kutafunatafuna, na hapo likamjia jambo lingine dogo. Nyumbani kwake mkasi wa kitambaa hauguswi na mtu mwingine. Ni sheria yake, na ameipigia kelele tangu binti akiwa anajifunza kusema. Hata siku ya kumwasi mama yake, mtoto alikwenda kutafuta mkasi wake mwenyewe.

“Unalia?” aliuliza Mzee Pindo.

“Nimekasirika!” alifoka. “Huoni mtu amekasirika?”

Mzee Pindo alirudi kwenye suruali yake.

Juu ya meza pasi ya umeme ilikuwa inapoa. Kabla ya hiyo alikuwa na pasi ya mkaa. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa akinyoosha shati la mteja nyumbani kwake, mtoto anacheza chini ya meza. Mlango ukagongwa. Akaiacha pasi imesimama juu ya shati, akaenda kufungua, akasimama mlangoni akibishana na mteja kuhusu upana wa kola. Alibishana kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu hajui kuacha. Nyuma yake mtoto akauvuta mkono wa shati. Pasi ikaja pamoja na shati, ikafunguka, na makaa yakammwagikia shingoni.

Hospitali aliulizwa, akasema ni chai. Mtoto amejimwagia chai. Aliwaambia hivyo majirani, akamwambia hivyo mdogo wake, na mtoto alipokua akauliza, akamwambia hivyo hivyo: ulikuwa mtundu, ulivuta kikombe. Kisha akaanza kushona kola. Kila asubuhi aliyaficha makaa yake nyuma ya kitambaa kizuri, akayafunga vifungo mpaka juu, akaona amemlinda mtoto.

Jumatano asubuhi alikuwa shuleni kabla ya kengele ya pili. Mwalimu wa maigizo, kijana mchangamfu mwenye kalamu tatu mfukoni, alimpokea katika chumba cha walimu akidhani amekuja na gauni.

“Umesoma kitabu?” alimwuliza kabla hajaketi.

“Kitabu kipi, Mama?”

“Kipi! Si Walinzi wa Tanuri!”

“Ah.” Mwalimu alitabasamu. “Tamthilia nimeiangalia yote, mara mbili. Igizo nimeliandika kutoka humo.”

Fundi alitaka kumla mbichi. Alivuta pumzi amwagie yote, kovu, bibi, sheria ya kola, vijana wawili wasiokuwepo, na akaona uso wa kijana ule hauna ubaya wowote. Ulikuwa uso wake yeye wa wiki iliyopita.

“Sura ya saba haimo kwenye igizo lako,” alisema.

“Haikuwemo kwenye tamthilia.”

“Ndiyo nakwambia sasa! Haikuwemo! Ndiyo ubaya wenyewe!”

Walimu wawili waliokuwa wanasahihisha madaftari waliinua vichwa. Mwalimu wa maigizo akajikuna sikio, akavuta droo, akatoa karatasi nne zilizobanwa kwa pini.

“Binti yako aliniletea hii mwezi uliopita,” alisema. “Ameiandika mwenyewe, hiyo sura, iwe onyesho. Nikamwambia wazazi hawataielewa, wanaijua tamthilia. Hakubisha.”

Maandishi yalikuwa ya binti, yamenyooka, na pembeni ameandika nani asimame wapi. Mwishoni kabisa: Cheche anafungua vifungo tisa. Asiharakishe.

“Huyo uliyempa nafasi yake anajua maneno?”

“Anasoma kwenye karatasi,” mwalimu alikiri. “Jana nilimwuliza binti yako kama atarudi. Akasema mama yake hataki watu wamwone.”

Lilikuwa limesemwa bila ubaya, na lilimpiga pale pale lilipotakiwa kumpiga. Fundi alizikunja karatasi, akazirudisha mezani.

“Kosa lilikuwa langu, siyo lake,” alisema. “Kama atakubali kurudi, hii iingie. Na wewe kisome kitabu, mwanangu. Kabla ya Ijumaa.”

“Itaingia,” alisema mwalimu.

Mdogo wake, yule mama mdogo wa binti, alikaa mitaa miwili kutoka pale. Alifungua mlango mikono ikiwa na povu la sabuni, akasimama katikati ya mlango kama askari.

“Kama umekuja kugomba, dada, rudi.”

“Nimekuja kupima.”

Mama mdogo aliitazama tepu ya kupimia iliyokuwa imening'inia mabegani mwa dada yake, akasogea pembeni. Siku hiyo binti alikuwa hajakwenda shule. Alikuwa kwenye chumba cha nyuma, amekaa ukingoni mwa kitanda, blauzi imefungwa mpaka juu.

“Nimesoma,” mama alisema. “Mpaka mwisho.”

Binti alikaza kifungo cha juu cha blauzi.

“Wale watu wa tamthilia ni washenzi.”

Mdomo wa binti ulitaka kusogea, akauzuia.

“Kola nitaishona upya,” mama aliendelea. “Peke yake, mbali na gauni. Vifungo vya kweli, vinavyofunguka. Nitavifanya vilegee kidogo visikusumbue jukwaani. Mwalimu amekubali ile sura yako, kama utataka. Ukikataa pia ni sawa, hilo ni lako. Lakini kola inayokaa yenyewe shingoni haikisiwi. Lazima nikupime.”

“Hujawahi kunipima shingo.”

“Najua.”

Ilikuwa kweli. Kifua alikipima, kiuno, mabega, urefu wa mkono. Akifika shingoni alikisia, akaongeza kidogo, ndiyo maana kola za binti yake zilikuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake, zimelegea, zinapwaya nyuma, na mtoto alizibana kwa pini kila asubuhi bila kusema. Fundi Kola wa mtaa mzima, na kola za kwake nyumbani ni za kubana na pini! Alijisikia hasira, na safari hii alijua hasa inamhusu nani.

Binti alifungua vifungo. Kimoja, cha pili, cha tatu. Blauzi ikaanguka mabegani, na mama akazungusha tepu shingoni, na vidole vyake vikagusa kovu. Lilikuwa la moto kidogo, laini kuliko alivyolikumbuka.

“Haikuwa chai,” alisema.

Binti aligeuza macho.

“Hukuvuta kikombe chochote. Ilikuwa pasi yangu ya mkaa. Niliiacha juu ya meza nikaenda mlangoni kugombana na mteja. Wewe ulikuwa unacheza. Hukufanya kosa lolote. Kola zote hizi nilikuwa najificha mimi.”

Kutoka uani zilisikika sufuria za mama mdogo, kisha zikanyamaza. Tepu ilikuwa bado shingoni mwa binti, na mama hakuthubutu kuiondoa wala kuikaza.

“Miaka yote hiyo,” binti alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kweli, hasira ya mama yake kabisa, “nilikuwa najichukia kwa sababu ya kikombe.”

“Nichukie mimi.”

“Nitakuchukia,” alisema binti. “Siyo leo. Leo nina kazi. Pima.”

Akainua kidevu. Mama akasogeza tepu mahali pake, akaisoma, akaisoma tena kwa sababu machozi yalikuwa yamemzuia mara ya kwanza. Sentimita thelathini na moja. Kola zake zote za mwaka huo alizishona za thelathini na tano.